Kupima Nguvu ya Sauti Isiyosikika katika Tangi la Kuoshea Vifaa

Vifaa vya upasuaji na vya kung'olea meno vina bawaba, mikunjo na vitundu ambamo brashi haifiki. Damu ikigandia humo, mvuke wa mtungi wa kutakasia huenda usivifikie vijidudu vilivyojificha chini yake. Ndiyo maana hospitali nyingi huviosha kwanza vifaa hivyo katika tangi la ultrasoniki, yaani tangi la maji yanayotikiswa na sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Mashine ikinguruma, mtumiaji huamini kuwa inasafisha. Lakini mngurumo si kipimo, wala idadi ya wati iliyoandikwa ubavuni mwa mashine si kipimo.

Chini ya tangi hubandikwa vipande vya kauri maalumu, ambavyo hutanuka na kunywea kwa kufuata mabadiliko ya umeme, aghalabu mara 40,000 hivi kwa sekunde. Kanieneo ya maji inaposhuka, viputo vidogo mno huvimba. Inapopanda, hubomoka ghafula. Kiputo kinachobomoka karibu na chuma hurusha mchirizi mwembamba wa maji wenye kasi kubwa, nao huchokoa uchafu. Tukio hili huitwa kavitesheni. Wahandisi wa meli walilijua mapema kwa hasara, maana liliwatafunia rafadha. Na mwaka 1917 Lord Rayleigh wa Uingereza alionyesha kwa hesabu ukubwa wa kanieneo inayozuka uwazi unapojifunga ndani ya maji. Basi nguvu ikipungua, damu hubaki; ikizidi, alumini na metali nyingine laini huliwa.

Kipimo rahisi ni karatasi ya alumini ya jikoni. Itundikwe wima ndani ya maji, isiguse chini, kwa muda wa dakika moja hivi. Ikitolewa itakuwa na matundu, mara nyingi katika mistari ya ulalo. Sauti husafiri majini mita 1,500 hivi kwa sekunde. Ukigawa kwa 40,000 utapata urefu wa wimbi wa sentimita 3.75, na mistari hutengana kwa nusu ya urefu huo, karibu sentimita 2. Mwanafunzi aweza kuipima kwa rula! Kisha maji yabadilishwe, kwani yatakuwa na chembe za alumini.

Karatasi huonyesha mahali penye nguvu. Kipimajoto na saa huonyesha jumla yake. Tuseme tangi lina kilo 4 za maji, kipasha joto kimezimwa, na joto limepanda nyuzi 2 kwa dakika 5. Zidisha 4 kwa 4,200, kisha kwa 2, ugawe kwa sekunde 300: utapata wati 112. Kipimo hiki hupunguza kidogo, kwa kuwa joto jingine hupotelea hewani na katika kuta za tangi.

Kudhibiti nguvu hiyo si kuongeza umeme tu. Umeme ukizidi, wingu la viputo hutanda juu ya kauri na kuizuia sauti isipite. Maji mapya ya bomba yana hewa nyingi inayolainisha mbomoko wa viputo. Mashine iendeshwe kwanza dakika kadhaa bila vifaa. Maji ya uvuguvugu husaidia, lakini yakikaribia kuchemka mvuke hujaa ndani ya viputo na pigo hufifia. Kwa vifaa vyenye damu joto lisipite nyuzi 45, maana damu huganda kama ute wa yai. Vifaa viwekwe katika kikapu, visilundikane. Mitikisiko 25,000 kwa sekunde hutoa viputo vikubwa na vikali. 80,000 huvifaa vifaa laini.

Jaribio la karatasi lirudiwe kila mwezi kwa maji ya kina kile kile na muda ule ule, na kila karatasi iandikwe tarehe na kuhifadhiwa. Ikiwa upande mmoja uliotoboka mwezi uliopita sasa hauna tundu hata moja, huenda kauri ya upande huo imebanduka au imekufa, na tangi litengenezwe kabla ya kuoshewa kifaa kingine.