Chapa za Askari wa Damu

Sisi wa Isiolo hatuhitaji kufundishwa maana ya chapa. Ng'ombe mia wakichangamana kisimani, mwenye mali atawajua wake kwa alama ya chuma cha moto. Sasa basi, hebu nikueleze jinsi wanasayansi wanavyozisoma chapa za chembe nyeupe za damu, na faida yake kwa zizi la babu yako.

Chembe nyeupe aina ya limfosaiti ni askari wa mwili. Ukizitazama kwa hadubini, zote zafanana. Lakini kazi zao si moja: baadhi hutoa amri, nyingine huua chembe zilizoingiliwa na adui. Tofauti iko juu ya ngozi yao, kwenye protini za namna namna. Hizo ndizo chapa. Wauaji aghalabu huwa na chapa iitwayo CD8, na watoa amri CD4.

Zinasomwaje? Kwa kingamwili, kwani kila aina hushika chapa yake tu, kama ufunguo na kufuli. Mwaka 1975, kule Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha chembe ya panya inayotengeneza kingamwili na chembe ya saratani isiyochoka kuzaana. Wakapata kiwanda kidogo cha kingamwili za aina moja. Basi ukimdunga panya limfosaiti za ng'ombe, waweza kupata kingamwili zinazoshika chapa za ng'ombe. Zitie rangi inayong'aa, na kila askari mwenye chapa hiyo atawaka.

Utaniuliza, "Hayo yatuhusu nini?" Kiangazi kikikaza, mifugo hupandishwa kuelekea Meru, na huko kupe wanangoja na ndigana kali. Kijidudu chake, Theileria parva, huingia ndani ya limfosaiti yenyewe na kuifanya izaane ovyo. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako! Ng'ombe akipona hupata kinga. Lakini ni askari yupi anayemlinda?

Jibu lilipatikana Kabete, Nairobi, katika maabara ya ILRAD, ambayo baadaye iliingia katika ILRI. Watafiti, akiwemo Evans Taracha, walitumia ndama pacha wa kufanana kabisa, ili mwili wa mmoja usikatae chembe za mwenziwe. Walitoa limfosaiti za pacha mwenye kinga, wakazichambua kwa kingamwili, kisha wakampa pacha asiye na kinga. Penye CD8, ndama alilindwa. CD8 zilipoondolewa, kinga nayo ikaondoka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994.

Kumbe faida ni hii: mtafuta chanjo anajua askari wa kumwamsha. Chanjo iliyopo hutumia vijidudu hai pamoja na dawa, na huhifadhiwa katika mitungi ya naitrojeni yenye baridi kali. Kuufikisha mtungi huo kambi ya mbali si mchezo. Chanjo nyepesi bado inatafutwa. Wenzangu mnaoikimbia biolojia, rudini darasani; kazi ingalipo.