"Sipangishi Wanafunzi"

Anayeishi Madison anaijua tarehe 14 Agosti. Mikataba mingi ya nyumba za wanafunzi huisha siku hiyo na mipya huanza kesho yake, kwa hiyo kwa usiku mmoja watu kibao hawana kwao. Makochi na magodoro hujaa kando ya barabara. Mwaka wangu wa kwanza nililala usiku huo sebuleni kwa kaka mmoja wa Arusha, masanduku yangu mawili mlangoni, na kesho yake sikuwa na pa kwenda.

Chumba kilikuwepo. Wiki tatu kabla nilimpigia mwenye nyumba, akanijibu kwa upole kabisa: "Samahani, sipangishi wanafunzi." Nikamshukuru, nikakata simu. Kwa mtu aliyekulia Dar es Salaam hapo hakuna cha kushangaza. Kwetu dalali atakuuliza kama umeoa, una watoto wangapi, wewe ni mtu wa wapi. Na kama mwenye nyumba hataki mabachela, unatafutiwa kwingine. Nyumba ni yake, nani ambishie?

Nilikuja kujua baadaye kwamba katika jiji hili yule bwana alikuwa amevunja sheria. Si sheria ya taifa, maana hiyo ya makazi ya 1968, pamoja na marekebisho ya 1974 na 1988, inataja mambo 7: mbari, rangi, dini, taifa la asili, jinsia, ulemavu na kuwa na watoto. Mwanafunzi hayumo. Waliomweka ni madiwani wa Madison, katika ile ambayo nyumbani tungeiita "sheria ndogo". Kwa udogo wake, orodha yake ni ndefu kuliko ya taifa: yumo mwanafunzi, yumo anayesaidiwa na serikali kulipa kodi, yumo anayekataliwa kwa sababu ya muonekano wake, au msimamo wake wa siasa, au kwa kuwa hana makazi. Mwaka 2015 waliongeza na asiye na dini. Shangazi yangu wa Tanga nilipomsimulia hilo kwa simu alicheka mpaka akakohoa.

Orodha kama hizi hazikuja kwa hisani. Nenda Milwaukee, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa. Mwaka 1956 Vel Phillips alichaguliwa diwani huko, mwanamke wa kwanza na Mweusi wa kwanza katika baraza lile. Mwaka 1962 alipeleka hoja ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Kura zikawa 18 dhidi ya 1, na hiyo moja ilikuwa yake. Akairudisha mara tatu zaidi, nayo ikaangushwa kila mara. Tarehe 28 Agosti 1967 vijana wa NAACP pamoja na padri James Groppi walivuka daraja la mtaa wa 16 kuelekea kusini mwa jiji, wakapokewa kwa mawe na chupa. Wakaandamana usiku baada ya usiku, mara 200 mfululizo. Rais Johnson alitia saini sheria ya taifa tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, na tarehe 30 mwezi huohuo Milwaukee ikapitisha ya kwake, kali kuliko ya taifa. Madison ilikuwa imepitisha yake tangu Desemba 1963. Phillips alisoma sheria hapahapa chuoni kwetu, akahitimu 1951. Tangu 2024 sanamu yake iko kwenye viwanja vya bunge la jimbo.

Bunge hilohilo limewahi kuukata mkono wa jiji. Mwaka 2011 lilipitisha sheria inayozuia majiji kumkataza mwenye nyumba kuangalia kipato cha mwombaji, rekodi zake za mahakamani na historia yake ya mikopo. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Mtu aliyeshuka Chicago jana na begi lake atatoa wapi historia ya mikopo? Mwenye nyumba akisema "huna historia", huenda ni kweli na huenda ni kisingizio, na sheria ya jiji haina namna rahisi ya kuvitenganisha.

Lakini akisema wazi kama alivyoniambia mimi, mlango upo. Unapeleka malalamiko Idara ya Haki za Raia ya jiji, bure, bila wakili. Mchunguzi husikiliza pande zote mbili. Akiona kuna sababu ya kuamini kwamba ubaguzi ulitokea, mnaitwa kwenye usuluhishi. Usiposhindikana, yameisha, ukishindikana kesi husikilizwa. Ila usikae nayo, kwa kuwa muda wa kulalamika una kikomo. Na andika: nani, lini, alisema nini.

Mimi sikuandika kitu. Mwenzetu mmoja wa Goma aliandikiwa maneno yaleyale masika iliyopita, kwenye ujumbe wa simu, akautunza. Alisita sana, akihofia viza yake, kisha akaenda. Waliyamaliza kwenye usuluhishi. Mkataba wake unaanza tarehe 15, na ameniomba nikampandishie godoro ghorofa ya tatu. Lifti hakuna.