Kimya cha siku 11: programu inayotuma baruapepe kutoka Ziwa Tanganyika

Jioni moja ya mwezi wa sita simu yangu iliita. Alikuwa mzee wetu wa Kibirizi, mvuvi anayetutunzia vifaa kwenye chumba chake kando ya ziwa. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza: "Mwanangu, maji yamepoa sana wiki hii. Mitambo yenu imeonaje?"

Haikuwa imeona kitu. Ilikuwa imezimika siku 11, nami sikujua. Kosa lilikuwa langu, na yeyote anayeandika programu ya kutuma baruapepe anaweza kulifanya, kwa hiyo ngoja nilieleze.

Kwanza, kwa nini tunapima? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Maji yake yamekaa tabaka: ya juu yana joto, ya chini yamepoa, na ukishapita kama mita 200 oksijeni hakuna. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi husukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na maji ya chini yenye rutuba hupanda, hasa upande wa kusini wa ziwa. Rutuba hiyo hulisha mwani, mwani hulisha vijidudu, vijidudu hulisha dagaa, na dagaa huliwa na migebuka na sisi wenyewe. Ukitaka kuelewa dagaa, fuatilia joto la maji.

Basi tukashusha kihisi joto mita 10, waya ukaingia kwenye kompyuta ndogo yenye modemu ya laini ya simu. Niliiagiza ipime kila saa, na iniandikie joto likishuka chini ya nyuzi 25. Sehemu ya kutuma, kwa lugha ya Python, ni hii:

import os, ssl, smtplib
from email.message import EmailMessage

barua = EmailMessage()
barua["From"] = os.environ["ANWANI"]
barua["To"] = os.environ["MPOKEAJI"]
barua["Subject"] = "Kibirizi: maji yamepoa"
barua.set_content("Mita 10, nyuzi 24.8")

with smtplib.SMTP("seva.example.org", 587, timeout=30) as seva:
    seva.starttls(context=ssl.create_default_context())
    seva.login(os.environ["ANWANI"], os.environ["NENOSIRI"])
    seva.send_message(barua)

Nusu ya kwanza ni kuandika barua: nani anatuma, nani anapokea, kichwa cha habari, maneno yenyewe. Nusu ya pili ni safari ya kwenda posta. Programu inabisha hodi kwenye mlango namba 587 wa seva, starttls inafunga mazungumzo kwa siri, login inaonyesha kitambulisho, kisha barua inakabidhiwa. Nenosiri silo la kuandika ndani ya programu, maana siku ukimpa mwenzako faili umempa na ufunguo. Kama unatumia Gmail, nenosiri lako la kawaida halitakubaliwa hapa: washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha utengeneze nenosiri maalumu la programu.

Chini ya hapo kuna mazungumzo ya SMTP, utaratibu uliochapishwa mwaka 1982 na bado unatumika. Seva hujibu kwa namba. 250 ni "sawa, nimepokea". Namba zinazoanza na 4 ni "sasa hivi haiwezekani, rudi baadaye". Zinazoanza na 5 ni "hapana", mpaka urekebishe kitu.

Hiyo 250 isikudanganye. Seva imeipokea barua ili iisafirishe. Haijasema kwamba mtu ameisoma. Watu wa Ujiji, jirani zetu hapa, historia hii wanayo: mwaka 1871 Stanley alipomkuta Livingstone pale, alimkabidhi barua zake zilizokuwa zimekwama njiani Tabora. Aliyezituma alikwisha kuzikabidhi, kwa hiyo upande wake kazi ilikuwa imekwisha. Mpokeaji alikuwa gizani.

Yangu haikufika hata Tabora. Bando lilikuwa limeisha. Siku joto liliposhuka, programu ilijaribu kuniandikia, ikakosa mtandao, Python ikatoa kosa ambalo sikulishughulikia, na programu nzima ikafa. Kupima nako kukafa, kwa sababu nilikuwa nimeviweka pamoja. Yaani ilizimika siku ile ile tuliyoitegea! Mimi huku nilikuwa nimetulia: hakuna barua, basi maji hayajapoa.

Nimerekebisha mambo matatu. La kwanza, kipimo kinaandikwa kwenye faili kabla ya jambo lolote, na kutuma ni programu nyingine kabisa. La pili, kutuma kumewekwa ndani ya try na except OSError, ambayo inanasa kukosekana kwa mtandao na makosa ya smtplib pia. Kosa linaandikwa kwenye daftari la makosa, barua inabaki kwenye foleni, na baada ya dakika 15 inajaribiwa tena. La tatu ndilo kubwa: kila siku saa 1 asubuhi programu inaniandikia hata kama hakuna jipya, "nipo, napima, joto ni hili". Zamani kimya kilikuwa na maana mbili, salama au kifo, na mimi nilichagua ile iliyonifurahisha. Sasa kina maana moja tu.

Ikifika saa 2 sijapata barua, napiga simu Kibirizi. Mara nyingi ni umeme, mara nyingine ni bando. Mzee anacheka, anasema kompyuta yetu nayo inadai vocha.

Siku 11 zile hazirudi. Kwenye grafu yetu ya mwezi ule pana pengo, na tumeliacha lionekane. Wewe ukimaliza kuandika programu yako, kabla hujaiacha mbali na macho yako, chomoa modemu kwa makusudi, subiri saa moja, kisha uangalie kama bado inapima.