Betri ya Lithiamu na Mashine ya Boti

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Najua wengi wenu ni watu wa bara na hamjapata kupanda boti ya mashine. Hata hivyo naomba mnisikilize, kwa kuwa jambo ninalotaka kulieleza lilianzia baharini, lakini dawa yake niliipata katika somo la Fizikia hapa hapa shuleni.

Kwetu ni Mafia. Mjomba wangu ni mvuvi wa dagaa, naye ana boti ya faiba yenye mashine ya nyuma ya nguvu za farasi 40. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Taa za mjomba hula wati 60, na kwa betri ya volti 12 hiyo ni ampea 5. Zikiwaka saa kumi, zimekwisha kula ampea-saa 50. Betri yake ya maji ilikuwa ya ampea-saa 100, basi kila usiku aliimaliza nusu. Betri ya namna hiyo ikizoea kushushwa chini ya nusu hufa mapema, na ya mjomba ilikuwa haimalizi mwaka.

Desemba iliyopita alinunua betri ya lithiamu katika duka la vifaa vya sola. Kwa kweli ni kitu kizuri. Ile ya maji ilikuwa na uzito unaokaribia kilo 30, hii haifiki nusu yake. Tena unaweza kutumia sehemu nane katika kumi za umeme wake bila kuidhuru. Mwenye duka aliijaza mchana kutwa kwa sola, akasema, "Toa ile ya zamani, weka hii, basi." Tukafanya hivyo.

Tuliondoka baada ya Magharibi. Tulipokwenda kama saa moja, taa zote ziliwaka kwa ukali mara moja, kisha zikazimika. Chombo cha kuonyesha njia nacho kikazimika, tukasikia harufu ya kitu kilichoungua. Mashine haikusimama, kwa sababu cheche za plagi zake hutoka katika koili yake yenyewe, wala hazitegemei betri. Lakini tulikuwa gizani, na miamba iko karibu. Mjomba alipunguza mwendo, akamweka baharia mmoja mbele na tochi, nasi tukarudi polepole. Usiku ule hatukupata hata dagaa mmoja. Fedha ya kutengeneza mashine ikatoka katika akiba ya nauli na mahitaji yangu ya shule, nami nikachelewa kufungua shule kwa juma zima.

Ajabu ni kwamba asubuhi betri ilikuwa nzima. Mjomba alisema, "Mpwa wangu, mwenye duka ametuuzia kitu kibovu." Mimi sikuwa na jibu. Nilipofika shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Fizikia. Hakunijibu mara moja, bali aliniambia nichore mwendo wa umeme tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipokuwa nikichora ndipo nilipoelewa.

Katika kichwa cha mashine kuna gurudumu zito lenye sumaku ndani yake. Linapozunguka, sumaku hupita juu ya koili za waya, na umeme huzaliwa. Hiyo ndiyo kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Umeme huo ni mkondo geu, na betri haiupokei hivyo. Kwa hiyo hupita kwanza katika rektifaya, kifaa kinachoufanya uwe mkondo mnyoofu. Mashine mpya nyingi zina pia kidhibiti kinachozuia volti zisizidi 14 na nusu hivi. Lakini mashine nyingi ndogo za zamani, kama ya mjomba, zina rektifaya peke yake. Kadiri unavyozidisha mwendo ndivyo volti zinavyotaka kupanda.

Sasa, ni nani aliyekuwa akizizuia volti hizo miaka yote? Ni betri ya maji yenyewe. Betri ya risasi na asidi, ambayo Gaston Planté aliivumbua mwaka 1859, ni kama mgeni mstaarabu mezani. Akikaribia kushiba hula kidogo kidogo, na chakula kinachozidi hukivumilia. Umeme wa ziada huyageuza maji yake kuwa gesi tu, ndiyo maana huongezwa maji kila mara. Waliounda mashine zile walimtegemea mgeni huyo.

Betri ya lithiamu ina tabia nyingine. Betri za jamii hii zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao juu yake. Ile ya boti kwa kawaida ina seli nne, kila moja ya volti 3.2, jumla volti 12.8. Ikiwa na njaa hupokea kila inachopewa bila kupunguza, hata koili za mashine hupata joto kwa kufanya kazi ya nguvu muda mrefu. Lakini ikishiba haivumilii hata kidogo. Seli ikipita volti 3.65 hivi iko hatarini kuharibika, basi ndani yake kimewekwa kibao cha umeme cha kuilinda, ambacho mafundi hukiita BMS. Kibao hicho kikiona hatari hukata umeme papo hapo.

Nanyi mmekwisha kuona pampu ya maji ya shule. Inaposukuma kwa nguvu, mtu akafunga koki ghafula, bomba hutikisika na pengine hupasuka. Ndivyo ilivyokuwa baharini. Betri ilikuwa imejaa tangu dukani, kibao kikafunga mlango, na koili bado zinasukuma. Volti zikaruka juu, zikaunguza rektifaya, taa na chombo cha njia. Betri haikuwa mbovu. Ilijilinda yenyewe, ikawaacha wenzake waungue.

Niliporudi nyumbani likizo fupi nilimweleza mjomba kwa mchoro ule ule. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi tumemdhania mtu vibaya." Lakini mwenye duka naye alikosa, maana alisema "weka tu" bila kuuliza mashine ni ya namna gani.

Sasa boti ina betri mbili. Betri ndogo ya maji imebaki kwa mashine, kuiwasha na kupokea umeme wake. Ya lithiamu ni ya taa. Kati yao kuna chaja ya betri kwa betri, inayochukua ampea chache tu, chini ya zile mashine inazotoa, na kuzipeleka kwa volti zinazoifaa lithiamu. Lithiamu ikijifunga, mashine haina habari, kwa kuwa betri ya maji ingali mlangoni. Mchana hujazwa kwa sola pwani.

Kwa wenye boti nina maneno matatu. Kwanza, someni kitabu cha mashine yenu kabla ya kubadili betri, kwa maana ziko mashine zinazokubali lithiamu na ziko zisizokubali. Pili, msizime swichi kuu ya betri mashine ikiwa inazunguka, hata kama betri ni ya maji, kwa kuwa ni kufunga koki ile ile. Tatu, wekeni fyuzi karibu na betri, kwani lithiamu nyaya zake zikigusana hutoa umeme mwingi wa kuweza kuwasha moto.

Na kwa wanafunzi wenzangu nina neno moja. Sura ya sumaku na koili niliisoma Kidato cha Tatu kwa ajili ya mtihani, nikapata alama nzuri, nikaifunga. Usiku ule nilikuwa ndani ya boti na elimu hiyo kichwani, wala sikuikumbuka. Tusisome hivyo.