Urusi: Mageuzi Yaliyowaua Wanaume

Mwaka 1990 mwanamume wa Urusi alitarajiwa kuishi karibu miaka 64. Kufikia 1994, chini ya 58. Hapakuwa na tauni wala njaa. Kilichokuwapo ni mageuzi ya uchumi.

Januari 1992 serikali ya Boris Yeltsin iliziachia bei, na mwaka ulipoisha zilikuwa zimepanda zaidi ya mara 20. Akiba za benki zikayeyuka. Viwanda vikabinafsishwa kwa vocha za hisa walizogawiwa raia, na hapo ndipo pigo lilipozama, kwani kiwanda cha Kisovieti hakikutoa mshahara tu: kilikuwa na zahanati, chekechea, kambi ya watoto ya likizo na nyumba za wafanyakazi. Kilipoyumba, vyote viliyumba. Wengi hawakufukuzwa kazi. Walihesabiwa wafanyakazi huku miezi ikipita bila malipo, au wakipewa bidhaa za kiwanda wakauze wenyewe barabarani.

Dondakoo, ugonjwa wenye chanjo, lilirudi. Hata hivyo, waliokufa zaidi hawakuwa wachanga wala vikongwe. Walikuwa wanaume wa makamo, hasa wenye elimu ndogo: moyo, ajali, kujiua, kuuawa, sumu ya pombe. Kiongozi wa Kisovieti Mikhail Gorbachev alipoibana vodka mwaka 1985, umri wa kuishi wa wanaume ulipanda hadi karibu miaka 65. Kampeni ikalegea, ukiritimba wa serikali ukaondolewa 1992, na vodka ikawa rahisi ukiilinganisha na chakula. Huko Izhevsk, mji wa viwanda karibu na milima ya Ural, watafiti walikuta wanaume wakinywa hadi manukato na dawa za spiriti; sisi tuliozoea habari za gongo na chang'aa hatuna haja ya kushangaa.

Lakini vodka peke yake hainitoshi kama jibu, wala soko huria. Poland ilianza mageuzi makali Januari 1990, chini ya waziri wa fedha Leszek Balcerowicz, na baada ya miaka miwili hivi vifo vya moyo vilikuwa vikipungua. Wako wanaotaja mafuta ya mimea na matunda yaliyojaa madukani. Mimi naongeza pensheni na posho ya wasio na kazi, ambazo Wapoland walizipata kweli.

Urusi ilibana tena biashara ya pombe kuanzia 2006, na mwaka 2019 wanaume walifikia miaka 68, wanawake 78. Mwaka uliotangulia, serikali ilikuwa imepitisha sheria ya kupandisha polepole umri wa wanaume kustaafu kutoka 60 hadi 65, na watu wakaandamana.