Shabaha Mpya za Dawa dhidi ya Saratani Kali ya Tezi Dundumio: Hoja kutoka Mishamo, Mkoa wa Katavi

Saratani nyingi za tezi dundumio, iliyo mbele ya shingo, hukua polepole na hutibika kwa upasuaji na ayodini yenye mionzi. Aina ya anaplastiki ni tofauti. Seli zake zimepoteza sifa za tezi, hazifyonzi ayodini, na wagonjwa wengi hufariki ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana watafiti hutafuta shabaha za dawa, yaani protini ambazo seli ya saratani inazitegemea ili iishi kuliko seli salama.

Utafutaji huo hupitia hatua tatu. Kwanza, jeni za uvimbe hulinganishwa na za tishu salama. Pili, jeni huzimwa mojamoja katika seli zinazooteshwa maabarani ili kubaini ni ipi ambayo kuzimwa kwake huziua. Tatu, dawa inayozuia protini husika hujaribiwa kwa wanyama, kisha kwa wagonjwa. Mfano wa mafanikio ni jeni ya BRAF, ambayo badiliko lake liitwalo V600E huamuru seli igawanyike bila kukoma. Mwaka 2018, Marekani iliidhinisha dabrafenib pamoja na trametinib kwa wagonjwa wa anaplastiki wenye badiliko hilo. Idhini hiyo haiwahusu wasio nalo, wakiwemo wenye uvimbe unaoendeshwa na jeni za RAS.

Suala hili linaigusa Mishamo moja kwa moja. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Kabla ya chumvi yenye madini joto, yaani ayodini, kuenea katika miaka ya 1990, rovu lilikuwa tatizo kubwa katika nyanda za juu za Burundi na Tanzania. Saratani ya anaplastiki aghalabu huwapata wenye umri wa zaidi ya miaka 60, na mara nyingi huota katika rovu la siku nyingi. Aliyekimbia akiwa na miaka 15 ameshaupita umri huo.

Aidha, penye upungufu wa madini joto, saratani ya folikula huchukua sehemu kubwa zaidi, nayo huhusishwa na RAS kuliko BRAF. Kwa hiyo, shabaha zilizobainishwa kwa sampuli za Ulaya, Marekani na Asia Mashariki hazipaswi kudhaniwa kuwa ndizo zitakazowafaa wazee wa Mishamo.

Inapendekezwa kwamba tishu zinazochukuliwa katika hospitali za rufaa zihifadhiwe na kupimwa BRAF, RAS na TERT. Vilevile, rovu la zamani linaloanza kukua ghafla, au linaloambatana na sauti kukwaruza, lipewe rufaa bila kuchelewa. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mishamo. Kwa ugonjwa unaoziba koo ndani ya wiki chache, umbali huo nao ni sehemu ya tatizo la utafiti, kwa kuwa mgonjwa asiyefika hatibiwi wala uvimbe wake hauchunguzwi.