KOMPYUTA INACHEMKA NA KUJIZIMA? USIKIMBILIE KUNUNUA NYINGINE

Wauzaji wa mtandaoni wa Musoma, Bunda na Butiama, hii ni yenu. Kompyuta ya mezani ya zamani ikiwa nzito ukihariri picha za bidhaa, au ikijizima mteja anasubiri bei, cheki joto kwanza. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Joto likizidi hapo, mashine inazima. Programu ya bure ya Core Temp itakuonesha.

Fanya hivi:

1. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua boksi.
2. Shika feni isizunguke, kisha puliza vumbi kwa blowa. Vumbi la barabarani na wadudu wa ziwani huziba njia ya hewa.
3. Bado inachemka? Huenda pesti ya juu ya prosesa imekauka. Fundi afute ya zamani kwa spiriti, apake mpya kidogo tu, kama punje ya choroko.
4. Boksi lisikae sakafuni wala kubanwa ukutani.

Pima joto kabla na baada, uone tofauti. Anza na vumbi, halina gharama. Oda zinazopotea ndizo ghali.

Mtumie mwenzako mwenye mashine ya zamani.